Sumaku Ndani ya Molekuli Moja

Sumaku iliyomo ndani ya spika ya redio yako ina atomi nyingi mno, na kila moja inashikiliwa na jirani zake ili zote zielekee upande mmoja. Molekuli iliyo peke yake haina jirani wa kuishikilia. Je, inaweza kuwa sumaku?

Inaweza. Mwaka 1993, huko Florence, Italia, Roberta Sessoli, Dante Gatteschi na wenzao walieleza molekuli yenye atomi 12 za manganisi, iliyotengenezwa miaka ya nyuma na mkemia wa Poland, Tadeusz Lis. Usumaku wa atomi 8 za nje huelekea upande mmoja, na wa zile 4 za ndani huelekea upande wa pili. Za nje hushinda. Ikipozwa hadi nyuzi 271 chini ya sifuri, molekuli hiyo hudumu na mwelekeo wake kwa miezi.

Adui wake ni joto. Joto huitikisa molekuli, na mtikisiko huo huupindua usumaku.

Ndipo wakemia wakaigeukia disprosi, elementi ya 66. Wingu la elektroni zake zinazobeba usumaku ni bapa. Likibanwa juu na chini, kulipindua kunadai nishati kubwa. Kwa hiyo waliiweka atomi moja ya disprosi kati ya pete mbili za kaboni, kama punje iliyobanwa kati ya viganja. Mwaka 2017, watafiti wa Chuo Kikuu cha Manchester, Uingereza, walipata molekuli ya aina hiyo iliyobaki sumaku hadi nyuzi 213 chini ya sifuri. Mwaka uliofuata, kundi lililoongozwa na Richard Layfield likafika nyuzi 193 chini ya sifuri.

Hatua hiyo ina uzito wake. Nitrojeni ya kimiminika, ile ile ambayo wataalamu wa uhimilishaji huhifadhia mbegu za madume ya ng'ombe, huchemka kwa nyuzi 196 chini ya sifuri. Kwa hiyo inatosha kuipoza molekuli hii, na ni rahisi kuipata kuliko heli ya kimiminika, iliyo ghali na adimu.

Lengo ni kuhifadhi taarifa, kila molekuli ikibeba alama moja: sifuri au moja. Bado hatujafika huko, kwani baridi inayohitajika ni kali mno kwa kompyuta ya mezani.

Mwanafunzi unayenisikiliza, usilikariri jedwali la elementi kwa ajili ya mtihani tu. Kila elementi uliyoipita haraka ina tabia yake, na anayeijua vizuri ndiye atakayeitengenezea kazi mpya.