Oganda, Kushinada na Binti wa Mzee wa Mila
Mada kwa walimu wa fasihi, Tarime na Serengeti



Wanafunzi wetu wanazijua hadithi za Kijapani kuliko tunavyodhani. Katuni za Kijapani zimejaa kwenye simu za kaka zao. Humo hakosekani binti anayetolewa kafara ili wengine wapone. Nimeombwa nimzungumzie huyo, nami nitaanzia Rorya kwa Wajaluo, maana nao wanaye wa kwao.

Jina lake Oganda. Grace Ogot wa Kenya alimwandika katika "The Rain Came", hadithi iliyomo katika kitabu chake Land Without Thunder cha mwaka 1968. Ukame umekaza. Mganga Ndithi anaota ndoto: mvua itanyesha iwapo binti pekee wa mtemi Labong'o atatolewa kwa zimwi la ziwani. Wazee wanapojadili kifo chake, Oganda anadhani wanamtafutia mchumba. Njiani kuelekea ziwani, mtoto mdogo anamkabidhi hereni ampelekee dada yake aliyefariki wiki iliyopita. Mimi hapo ndipo huwa nafunga kitabu kwanza. Kwa mtoto yule, Oganda amekwisha kuwa msafiri wa kuzimu, na hakuna aliyemfundisha kusema hivyo.

Mpenzi wake, Osinda, anamwokoa kwa kumvika majani ili mizimu isimwone. Kojiki, kitabu cha Kijapani cha mwaka 712, kina tukio linalokaribiana mno na hili: joka lenye vichwa vinane limekwisha kula mabinti saba wa wazee wawili, amebaki Kushinada. Susanoo anamgeuza kitana, anakichomeka nyweleni mwake, kisha analilevya joka kwa pombe na kuliua. Kote kuwili msichana huokolewa kwa kufichwa. Tofauti ni kwamba Susanoo anapambana na joka, ilhali Osinda hapambani na mtu wala zimwi. Anamchukua Oganda wakakimbia, na mvua inanyesha vilevile.

Darasani huwa tunaishia kwenye "mapenzi yameshinda". Jibu hilo ni jepesi. Binti hakutolewa na mvua imenyesha. Je, ndoto ya Ndithi ilikuwa ya uongo, au mizimu iliridhika na utayari wa Labong'o? Ogot hasemi. Mwalimu naye asiharakishe kusema.

Swali hilo lina uzito wake hapa kwetu, ambako wazee pia huamua juu ya mwili wa binti. Miongoni mwa Wakuria, msimu wa tohara, ya wavulana na ya wasichana, hupangwa na inchama, wazee wa mila wanaokutana kwa siri. Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya mwaka 1998 inakataza kumkeketa msichana aliye chini ya miaka 18, lakini likizo za Desemba wasichana wanaokwepa kukeketwa hukimbilia kituo cha Masanga kule Tarime na Nyumba Salama ya Mugumu, Serengeti. Inchama nao husoma ishara, na ishara zikiwa mbaya msimu huahirishwa. Kwa hiyo mila yenyewe inajua kusema "mwaka huu hapana". Labong'o hakuwa na mlango huo, au hakuutafuta: alilia faraghani, akatii. Yeye ndiye mtemi. Angewezaje kumficha binti yake kisha kesho aombe wa jirani? Mzee wa mila mwenye binti wa darasa la sita yumo katika mtego huohuo, na sidhani tunamsaidia tukimchora kama zimwi la ziwani.

Kazi ninayoipendekeza kwa kidato cha tatu ni hii. Ogot hakuandika jioni ya Labong'o: mvua inapiga paa, watu wanashangilia, naye hajui kama binti yake amezama au yu hai. Wanafunzi waiandike, ukurasa mmoja, kwa sauti ya baba. Wavulana wasisamehewe kazi hii. Wengi wao ndio watakaokaa vikao vya wazee wa mila baadaye.