Daftari Jipya na Mteja Asiyerudi



Nimeombwa niseme machache juu ya kazi na imani. Mimi ni mwenye duka, si mwanachuoni. Kwa hiyo nitazungumzia kitu nikijuacho, nacho ni daftari.

Majirani wengi huziona taa tuziwashazo wakati wa Diwali. Wachache wamepata kuona yafanyikayo ndani ya duka. Mfanyabiashara hufunga hesabu za mwaka uliokwisha, kisha huliweka daftari jipya mbele ya Lakshmi na Ganesh, akaliombea baraka kabla ya kuandika tarakimu ya kwanza. Katika ukurasa wa mwanzo huandikwa maneno mawili, Shubh na Labh. La kwanza ni heri, la pili ni faida. Tangu utoto wangu nimeyaona yakiandikwa pamoja. Ukurasa wenye Labh peke yake sijauona.

Ugumu upo hapa. Gita hutufundisha kutimiza wajibu pasipo kuyang'ang'ania matunda ya kazi. Lakini daftari ni nini, kama si hesabu ya matunda?

Mwishoni mwa Desemba 2009 maji ya Mto Mkondoa yaliingia mjini Kilosa. Maelfu walipoteza makazi, familia zikalala mahemani, na reli ya kati ikasombwa baina ya Kilosa na Gulwe. Ilipowadia Diwali ya Novemba 2010, baba yangu alikaa na daftari kuukuu lililojaa majina ya waliokopa sabuni, mafuta ya taa na mbegu. Desturi ni kuhamishia kila deni katika daftari jipya. Yeye alihamisha mengine, na mengine akayaacha pale pale, bila kuyafuta. Nikamwuliza sababu. Akasema, "Nikilifuta nimemfanya ombaomba. Nikilihamisha nimemtwisha jiwe mtu anayezama. Atakapoinuka atakuja kusema mwenyewe."

Wengine walikuja, mmoja alileta debe la mahindi. Wengine hawakuja hata leo, wala majina yao hayakutajwa kwa ubaya nyumbani kwetu. Nisiifanye hadithi tamu: hasara ilikuwa hasara, na bangili mbili za mama zilikwenda kwa sonara.

Hata hivyo, Kilosa humsaidia mtu kuwa mwema. Mteja unamjua miaka thelathini; ukimpunja leo, mtaa mzima utajua kabla ya magharibi. Mikumi ni mtihani mwingine. Barabara kuu ya kwenda Iringa hadi Zambia hupita mlangoni. Dereva wa lori husimama usiku, hununua maji, biskuti na dawa ya kichwa, akaondoka, na huenda msionane tena. Hana ukurasa katika daftari lako, wala jirani wa kumweleza. Ukimrudishia chenji pungufu, ni nani atakayekushtaki? (Yeye naye ana mtihani wake mbele kidogo, ndani ya hifadhi: mabango ya faini yapo, lakini usiku wa manane twiga humtegemea dereva mwenyewe.) Kwangu mimi, ibada ngumu kuliko zote ni kuhesabu sawasawa chenji ya mtu asiyerudi.

Vijana huniambia kwamba daftari limepitwa na wakati, kwa kuwa mikopo sasa hutoka katika simu, na mkopaji hamwoni amkopeshaye. Siipingi simu. Diwali iliyopita yangu ilikaa kando ya daftari mbele ya Lakshmi, ikapata tone lake la kumkum. Ila simu hutuma ujumbe ule ule wa kudai, kwa saa ile ile, kwa mkaidi asiyetaka kulipa na kwa aliyefikwa na mafuriko. Hilo la kuwapambanua limebaki kwetu, na ningependa vijana wetu walijifunze kwa wazee kungali mapema.

Madaftari ya mwaka ujao, yale ya jalada jekundu, yamekwisha agizwa. Majirani wawili, fundi cherehani na mama auzaye samaki, wameomba yao nayo yawekwe mbele ya Lakshmi siku hiyo. Nafasi ipo. Apendaye na aandikishe jina kwa katibu.