Mfuko wa Maafa Uwafae na Walio Hai



Wana Afrika Mashariki wa hapa Marekani tunajua kuchanga. Akifariki mwenzetu, jua halijazama kikundi cha WhatsApp kimejaa ahadi, na mwili unafikishwa Kigoma au Kisumu. Lakini mwenzetu huyo alipokuwa akisumbuliwa na pombe au unga, tulimnong'ona tu.

Kuna dawa tunayoipenda: kijana akiharibika, akatiwe tiketi arudi kwa bibi akanyooke. Wazazi wangu, hapo pana hatari. Anayetumia heroini au fentanili kila siku, mwili wake umezoea kipimo kikubwa. Akikaa miezi bila kugusa, mazoea ya mwili yanaondoka, ila hamu inabaki. Siku akirudia kipimo chake cha zamani, pumzi inakata.

Mnywaji wa kila siku naye tusimfungie chumbani aache kwa mkupuo. Pombe ikikatwa ghafla anaweza kupata degedege, akaweweseka, hata akafa. Aache, lakini chini ya uangalizi wa daktari. Mvuta sigara haachi kwa kusutwa. Vibandiko na jojo za nikotini humpunguzia hamu.

Katika kutibu uraibu wa heroini, wenzetu nyumbani wametutangulia. Hospitali ya Muhimbili, Tanzania, ilianza kutoa dawa ya methadoni mwaka 2011, Kenya ikafuata mwishoni mwa 2014. Watu waliozoea kuitwa mateja wanakunywa dozi yao mbele ya mhudumu, arosto, yaani mateso ya kukosa heroini, inatulia, wanarudi kazini. Zanzibar, katika nyumba za upataji nafuu, waliowahi kutumia wanawashika mkono wanaoanza kuacha.

Kwa hiyo nina maombi matatu. Kwanza, kila nyumba iwe na naloksoni ya kupuliza puani; inamrudishia pumzi aliyezidiwa na heroini au fentanili, na tangu 2023 inauzwa hapa bila cheti cha daktari. Ukishampulizia, piga 911. Pili, anayerudia kutumia tusimfukuze. Abadilishiwe matibabu kama tunavyombadilishia dawa mgonjwa wa presha. Tatu, Mwenyekiti, naomba kikao hiki kiamue leo: mfuko wetu wa maafa ulipie pia nauli ya kliniki na malezi ya watoto mzazi anapotibiwa, na jina la anayesaidiwa lisisomwe mbele ya watu.