Mwanafunzi Analindwa, Mtoto Je? Watunga Sheria na Ndoa za Utotoni

Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 ilimruhusu msichana wa Tanzania kuolewa akiwa na miaka 15, wakati mvulana alitakiwa asubiri hadi 18. Umri huo uliwekwa na kifungu cha 13, ambacho pia kiliipa mahakama uwezo wa kuruhusu ndoa ya aliyefikisha miaka 14 pakiwa na sababu maalumu. Kifungu cha 17 kikaongeza kwamba msichana wa chini ya miaka 18 aolewe kwa idhini ya baba. Baba akiwa amefariki, mama. Na wote wawili wakiwa hawapo, mlezi. Sheria hiyohiyo inadai ridhaa ya hiari ya waoanaji. Lakini binti wa miaka 15, anayesikia ng'ombe wa mahari wakihesabiwa nje ya boma, atasema hapana kwa nani?

Kwa wakati wake sheria hiyo ilikuwa ya kimaendeleo, na haki itendeke katika kuisimulia. Iliziweka chini ya paa moja ndoa za kidini, za kimila na za kiserikali. Bei ya kuziweka pamoja, kwa sehemu, ililipwa na wasichana.

Tarehe 8 Julai 2016, katika shauri lililofunguliwa na mwanaharakati Rebeca Gyumi, Mahakama Kuu ilitamka kwamba vifungu vya 13 na 17 vinakiuka Katiba, ikaipa Serikali mwaka mmoja kuvirekebisha. Mwanasheria Mkuu wa Serikali alikata rufaa, akitetea tofauti hiyo ya umri kwa hoja ya mila na dini. Tarehe 23 Oktoba 2019 Mahakama ya Rufani iliitupa rufaa hiyo. Hata hivyo mahakama haiandiki sheria. Kuandika ni kazi ya Bunge, na kufikia mwaka 2024 Bunge lilikuwa halijapitisha marekebisho. Majirani walikwishatangulia: Uganda iliweka miaka 18 katika Katiba yake ya 1995, Kenya katika Sheria ya Ndoa ya 2014.

Bunge halikukaa bure kabisa. Mwaka 2016 liliirekebisha Sheria ya Elimu: anayemwoa mwanafunzi wa shule ya msingi au sekondari hukabiliwa na kifungo cha miaka 30. Adhabu hiyo ni kali, lakini ina mlango wa nyuma. Katika kata kama Nangara, mjini Babati, msichana wa miaka 15 anayevaa sare ana ulinzi wote huo. Mwenzake wa umri uleule, aliyemaliza darasa la saba asiendelee na masomo, si mwanafunzi tena. Posa ikija kwao, Sheria ya Elimu haina la kusema. Sheria ya Mtoto ya 2009 inamwita mtoto hadi afikishe 18, lakini haisemi waziwazi kwamba haolewi. Kanuni ya Adhabu nayo, inayohesabu kuwa ubakaji tendo la ndoa na msichana wa chini ya miaka 18 hata akikubali, inamwachilia mwanamume ikiwa msichana huyo ni mkewe mwenye miaka 15 au zaidi ambaye hawajatengana. Yaani ndoa inageuka kinga.

Kwa hiyo mbunge anayetaka kazi yake iwe na maana asiishie kubadili 15 kuwa 18. Muswada wake uguse pia idhini ya mzazi, ruhusa ya mahakama na kinga hiyo ya Kanuni ya Adhabu. Uguse usajili vilevile. Ndoa ya kimila hutakiwa kusajiliwa ndani ya siku 30, lakini isiposajiliwa haibatiliki, na mahali ambapo binti hana cheti cha kuzaliwa, umri wake hutajwa na yuleyule anayepokea mahari.

Madiwani wana sehemu yao. Mkoani Manyara, iliko Babati, utafiti wa kitaifa wa afya wa 2015–16 ulikuta asilimia 58 ya wanawake wa miaka 15 hadi 49 wamekeketwa, na katika jamii nyingi zenye mila hiyo kukeketwa ni kutangaza kwamba msichana yuko tayari kuolewa. Halmashauri inaweza kutenga fedha za mabweni na kuwatafuta waliokatisha masomo, hasa tangu Serikali iliporuhusu mwaka 2021 wasichana waliojifungua warudi shuleni. Inaweza pia kutunga sheria ndogo. Lakini sheria ndogo haiwezi kukataza kilichoruhusiwa na sheria ya Bunge. Kwa umri wa kuolewa, diwani wa Nangara analisubiri Bunge kule Dodoma.