Kupima Kazi ya Kibofu: Habari ya Mkojo wa Ngombe, Mbuzi na Kondoo

Wafugaji wa Kivu na wa Ituri, na ninyi nyote mnaosoma,

Kutazama maziwa mnajua sana. Kila asubuhi mnayapima kwa kopo, na ngombe akipunguza hata kidogo mnauliza sababu. Mavi pia mnayatazama: ni magumu, ni ya maji, yana damu. Lakini mkojo hamwutazami, maana huanguka chini na ardhi huunywa. Leo nataka kuwaeleza namna ya kuupima, kwa kuwa kuna ugonjwa unaoua mbuzi dume na maksai kwa siku chache tu, na dalili yake ya kwanza ni katika mkojo.

Kwanza fahamuni kazi ya mwili. Mafigo huchuja damu, na maji machafu hushuka kwa mirija miwili mpaka katika kibofu. Kibofu kina kazi mbili: kutunza na kutoa. Njia ya mkojo ina kazi mbili vilevile: kufunga na kufungua. Kibofu kikitunza, njia hufunga. Kibofu kikijikaza, njia hulegea. Hivi viwili visipopatana, mnyama ni mgonjwa, na anayetazama lazima ajue ni kipi kati ya viwili kilichoharibika.

Katika shule kubwa za madokta wa wanyama hupima jambo hili kwa vyombo, na zaidi hupima mbwa. Huingiza mpira mwembamba katika kibofu kitupu, hutia maji polepole sana, na chombo huonyesha nguvu iliyo ndani. Nguvu hiyo huhesabiwa kwa santimetri za maji, yaani kimo ambacho ingeweza kupandisha maji katika mrija uliosimama. Mwanzoni nguvu hupanda kidogo tu, hata maji yakizidi, kwa kuwa ukuta wa kibofu hunyoshwa kama ngozi laini. Halafu kwa ghafula kibofu hujikaza, na nguvu hupanda mara moja. Kisha huvuta mpira nje polepole, kwa mwendo mmoja, maji yakitoka katika matundu ya ubavuni mwake, ili waone njia inafunga kwa nguvu mahali gani na mahali gani imelegea. Mbwa jike aliyekatwa uzazi pengine huvuja mkojo akilala. Kipimo hiki mara nyingi huonyesha kwamba kibofu chake ni kizima, bali njia haifungi vema. Basi dokta humpa dawa ya kukaza njia, wala hahangaiki na kibofu. Mnaona faida ya kupima kwanza na kutoa dawa baadaye. Wengi wetu tunafanya kinyume.

Mtasema: tumletee dokta beberu wetu, ampime vivyo hivyo. Haiwezekani kwa urahisi. Njia ya mkojo ya ngombe dume, beberu na kondoo dume imepinda mara mbili kama nyoka, na mbele zaidi, karibu na mifupa ya nyonga, ina kifuko kidogo. Mpira ukifika pale huingia katika kifuko na kukwama, haufiki katika kibofu. Beberu na kondoo dume wana jambo jingine: mwisho wa uume wao una kimkia chembamba, na njia hupita ndani yake. Katika wembamba ule na katika mapindo yale vijiwe vya mkojo hukwama. Jike naye hupata vijiwe, lakini njia yake ni fupi na pana, navyo hutoka pamoja na mkojo bila mwenyewe kujua.

Kwa hiyo kipimo cha dume ni macho yenu, mkono wenu na saa.

Mfungeni peke yake mahali pakavu, pasipo majani, mkimwage majivu chini. Majivu yakilowa huonyesha ukubwa wa kila mkojo. Andikeni saa aliyokojoa, na kama ulitoka kwa mfululizo, kwa matone, au haukutoka. Mbuzi wa kilo 30 aliye mzima hutoa kama litri 0.3 mpaka 1.2 kwa siku moja, kadiri ya maji na majani anayokula. Ngombe wa kilo 300 hutoa litri 5 mpaka 13. Ngombe jike ni rahisi kupima: msugueni polepole chini ya uke kwa kiganja au kwa majani laini, naye hukojoa baada ya kitambo kidogo, kingeni kwa ndoo safi. Mkitazama rangi hapo, mmepata na faida ya pili, kwa maana mkojo mwekundu wa ngombe mwenye homa mara nyingi ni ugonjwa wa kupe, nao ni habari nyingine inayotaka dokta upesi.

Msidanganywe na desturi ya dume. Ngombe dume hukojoa huku akitembea, na mkojo wake hutoka kwa kurukaruka, kidogo kidogo, kwa sababu njia ni ndefu na imepinda. Huo si ugonjwa. Beberu mwenye tamaa ya majike hujimwagia mkojo katika ndevu na miguu ya mbele mpaka ananuka kijiji kizima. Huyo naye ni mzima kabisa, hata kama mke wako amemkataza kukaribia nyumba. Mpimeni dume kwa kumlinganisha na mwenyewe alivyokuwa wiki iliyopita, wala si na jike.

Dalili za njia iliyozibwa ni hizi. Hunyosha miguu, hujikaza, hutikisa mkia, hulia. Hutoa matone, au hakuna. Hupiga tumbo kwa mguu. Shikeni nywele za ncha ya ala ya uume: zikiwa kavu na zina chembe kama mchanga, vijiwe vipo. Watu wengi wakimwona anajikaza husema, ameshindwa kunya, wakamnywesha mafuta. Siku moja imepita bure. Wengine humnywesha maji mengi ili asukume. Maji yale huingia katika kibofu kisicho na mlango, na kukijaza zaidi. Wengine humkandamiza tumbo kwa magoti. Hapo kibofu hupasuka mikononi mwao.

Sikilizeni hasa jambo hili. Kibofu kikipasuka, maumivu hupungua kwa ghafula. Mbuzi aliyekuwa akilia husimama kimya, pengine hula majani kidogo. Mwenyewe hufurahi, husema dawa imefanya kazi, naye huenda shamba. Lakini majivu bado ni makavu! Mkojo unaingia tumboni, na baada ya muda tumbo huvimba pande zote mbili. Njia nayo ikipasuka, uvimbe huonekana chini ya ngozi ya tumbo. Kwa hiyo msiamini utulivu wa mnyama. Aminini majivu.

Dume akijikaza bila kutoa mkojo, msingoje jua lichwe. Mwondoleeni pumba na mahindi, mpelekeni mtu kwa dokta. Kwa mbuzi na kondoo dokta huweza kukata kile kimkia, na pengine mkojo hutoka papo hapo. Msikikate wenyewe kwa wembe. Kama dokta yu mbali mno na mbuzi ni wa kuliwa, afadhali achinjwe mapema kuliko kungoja. Aliyekaa na mkojo mwilini nyama yake hunuka, na mkaguzi wa nyama huikataa, nanyi mmepoteza ada ya shule ya mtoto.

Ugonjwa huu huwapata zaidi madume waliohasiwa wanaonenepeshwa kwa karamu au mahari. Pumba na nafaka zina fosfori nyingi, nayo hujenga vijiwe. Wapeni majani na nyasi kwanza, pumba kidogo. Maji safi yawepo kutwa, na chumvi ya kuramba, ili wanywe sana kabla hawajaugua. Msiwahasi wakiwa wachanga sana, maana njia yao hubaki nyembamba.

Mkimwita dokta, mpelekeeni karatasi yenu: saa ya mkojo wa mwisho mliouona, matone au mfululizo, rangi, chakula cha wiki ile, na umri aliohasiwa. Na kama alitulia kwa ghafula, andikeni saa ile pia.