Bunduki ya Bei Rahisi na Risasi Isiyohesabiwa

Mada iliyotolewa katika semina ya udhibiti wa silaha ndogo ndogo, Lweba, eneo la Fizi, Kivu Kusini

Nimeombwa niseme juu ya ubora na thamani ya silaha za bei nafuu. Nasema kama fundi silaha wa zamani aliyekalia baadaye meza ya kupokea silaha. Sisemi kwa niaba ya ofisi yoyote.

Maana za maneno nitazipita mbio, maana tangu enzi za CONADER, tume ya taifa ya kupokonya silaha na kurudisha wapiganaji uraiani, tumezirudia hadi kila aliye humu anaweza kuzitaja usingizini. Silaha ndogo ni ile anayoibeba na kuitumia mtu mmoja, kama bastola na bunduki. Silaha nyepesi huhitaji kikundi kidogo cha watu. Sheria yetu ya msingi ni Sheria-Agizo nambari 85-035 ya tarehe 3 Septemba 1985, ya tangu tukiitwa Zaire. Ukanda wetu una Itifaki ya Nairobi ya tarehe 21 Aprili 2004. Kuna pia Mkataba wa Kinshasa, uliopitishwa tarehe 30 Aprili 2010 na kuanza kutumika tarehe 8 Machi 2017. Programu inayosimamia leo kazi ya kupokea silaha na kurudisha wapiganaji uraiani ni P-DDRCS, iliyoundwa Julai 2021. Maana zimekwisha.

Sasa bunduki yenyewe. Hapa kwetu mtu akisema bunduki ya bei rahisi anasema AK, na mara nyingi ni ile ya Kichina, Type 56, ambayo jina lake ni mwaka wake, 1956. Babu yake ni bunduki ya Mikhail Kalashnikov iliyopokewa na jeshi la Kisovieti mwaka 1949. Ni rahisi kwa sababu imetengenezwa katika nchi nyingi kwa miaka mingi, na kwa sababu haifi. Iliyouzwa kwa vita vya baba huuzwa tena kwa vita vya mtoto, na kila inapouzwa tena hushindana bei na mpya. Mtafiti Phillip Killicoat, katika utafiti wa Benki ya Dunia wa mwaka 2007, alilinganisha bei za AK katika nchi nyingi akakuta kwamba Afrika bei ilikuwa chini kuliko kwingine kwa takriban dola 200. Bei ya hapa Fizi sitaitaja. Bei ikitajwa kwenye semina, kesho yake inakuwa bei elekezi.

Wazee waliokaa mbele hawahitaji kuelezwa chuma hiki kilifikaje. Mwaka 1965 silaha za Kisovieti na za Kichina zilivuka Ziwa Tanganyika kutoka Kigoma, na mwezi wa Aprili mwaka huo Che Guevara naye akashuka Kibamba pamoja na Wakuba wake. Mwezi wa Novemba walirudi walikotoka. Chuma hakikurudi. Baadaye PRP, chama cha waasi cha Laurent Kabila, ikakaa milimani kwa miaka, ikaja vita ya 1996, ikaja ya 1998, na kila moja iliacha chake ardhini na darini.

Kwa nini haifi? Vyuma vyake vya ndani vimeachiana nafasi, kwa hiyo mchanga na matope vikiingia vinaendelea kucheza. Risasi yake ya milimita 7.62 kwa 39 imepungua unene kidogo kuelekea mbele, hivyo huingia na kutoka chumbani bila kung'ang'ania. Ndani ya mtutu wa zile nyingi mmepakwa kromu. Lakini kusema haigomi kabisa ni hadithi ya vijana. Inagoma, nami nimefungua nyingi zilizogoma. Risasi za zamani za Kisovieti na za Kichina zina fataki yenye chumvi. Ukipiga, chumvi inabaki ndani na kuvuta unyevu, na hapa ufukweni unyevu hauhitaji kuvutwa. Wengine, kwa kukosa mafuta ya bunduki, hupaka mawese. Niliwahi kufungua moja nikakuta ndani kumeganda nta ya rangi ya chungwa, imeshikana na masizi kama sufuria ya harusi ambayo haijaoshwa. Niliichemshia maji, nikaisugua, nikaikausha, ikafanya kazi. Ndiyo ubora wenyewe unaoulizwa: kinachoiharibu ni uchafu, na uchafu unaoshwa.

Kisha kuna pupu, ile ya kutengenezwa na wahunzi, inayopiga risasi za kalibre 12. Wawindaji wanaoingia msitu wa Ngandja wanaijua. Hiyo ndiyo ya bei ya chini kuliko zote, na haitabiriki. Mwindaji mmoja aliniletea yake kwa mkono wa kushoto, kwa sababu wa kulia ulikuwa umebaki na vidole viwili. Alitaka kujua kama inatengenezeka. Sitasema zaidi juu ya pupu, ingawa inastahili semina yake yenyewe.

Nimefika penye jambo langu. Mwenyekiti atanivumilia, maana nimelisema Uvira, nimelisema Baraka, na leo nalisema Lweba.

Mwaka mmoja nilikuwa kwenye meza ya kupokea silaha, si mbali na hapa. Alikuja kijana na bunduki imefungwa kwa kitenge. Nikaifungua. Ilikuwa Type 56, ubavuni ina alama ya pembetatu na namba 66 ndani yake, ambayo ni alama ya kiwanda. Kitako cha mti kilichongwa upya na mtu asiyekuwa seremala, na mkanda ulikuwa mpira wa ndani wa tairi la baiskeli. Chajeri, ambayo Watanzania huiita magazini, springi yake ilikuwa imelala. Ukiweka risasi ndani zinabaki chini kama watoto waliokataa kuamka kwenda shule. Risasi hakuleta hata moja. Karani akaandika: bunduki, moja. Kijana akaweka alama ya kidole, akapigwa picha, akaondoka akiwa amehesabiwa kuwa ameacha vita.

Saa moja baadaye alikuja mama mmoja muuza ndagala. Alikuwa akilima muhogo, jembe likagonga kopo la maziwa la zamani. Ndani mlikuwa na risasi, zimefungwa kwa nailoni, kavu kabisa. Tulizimwaga mezani tukazihesabu: 143. Karani akageuza fomu mbele na nyuma. Fomu haikuwa na safu ya risasi. Ilikuwa na safu ya jina, ya kijiji, ya kikundi, ya aina ya silaha, ya namba ya silaha, ya saizi ya viatu vya mhusika, lakini ya risasi hapana. Na kwa kuwa mama hakuleta bunduki, naye hakuweza kuandikwa. Karani, mtu mwema, alimwambia: "Mama, hizi hatuna pa kuzitia." Kopo lilikaa chini ya meza ile wiki tatu. Siku niliyorudi kuliulizia, halikuwapo.

Ndugu wanasemina, pigeni hesabu hii. AK ina uwezo wa kupiga kama risasi 600 kwa dakika. Chajeri ina risasi 30. Akibana kifyatulio asikiachie, imekwisha kwa sekunde tatu, muda wa kusalimia na kuitikiwa. Bunduki hununuliwa mara moja, ikarithiwa, ikaazimwa, ikachimbiwa. Risasi hununuliwa kila mara. Wenye bariere barabarani, wanaonyemelea dhahabu ya Misisi, wanaovamia wavuvi usiku ziwani, wote wanaweza kuishi na bunduki moja kwa watu watatu. Bila risasi hawaishi wiki. Sasa sisi tunahesabu kile wanachoweza kukikosa, na kile wasichoweza kukikosa tunakiacha chini ya meza.

Wala kuhesabu bunduki tu si jambo geni. Wakati wa CONADER aliyetoka jeshini alipewa dola 110 za kuanzia, kisha dola 25 kila mwezi kwa mwaka mmoja. Kule Katanga mchungaji Ngoy Mulunda na shirika lake la PAREC walitoa baiskeli kwa bunduki. Siwadharau, chuma kingi kilitoka. Lakini mtu akiambiwa bunduki yoyote ni sawa, ataleta ipi? Aliye na mbuzi wawili, mmoja kilema, akiombwa mchango wa kijiji, mnajua atakayekuja. Na pale bunduki inapokuwa tiketi ya kuingia katika programu, iliyovunjika inapata bei sokoni kwa sababu tu inafanana na bunduki.

Kuna jambo la pili kuhusu risasi, na ndilo linaloninyima usingizi. Bunduki haisemi. Ya mwaka 1966 na ya juzi zinaweza kufanana, na namba ubavuni mara nyingi imekwisha kusagwa. Risasi inasema. Geuza kitako cha ganda la Kichina au la Kisovieti, utakuta namba ya kiwanda na tarakimu mbili za mwaka. Nikisoma 75, najua pengine imetoka kwenye kopo la mtu aliyekwisha kufa. Nikisoma mwaka wa karibuni, najua kuna ghala lenye mlango ulio wazi, na si ghala la muuza ndagala. Maafisa wa jeshi wapo humu, wananielewa, sitaendelea.

Nitaongeza moja tu, kwa heshima. Sheria ya mwaka 2023 imeunda jeshi la akiba la ulinzi, na kijana aliyekuwa akiitwa muasi leo anaitwa Mzalendo. Juu ya siasa hiyo sina maoni, na mahali hapa si pake. Nina swali la mtunza ghala: risasi anazopewa zinaandikwa wapi, na zile asizozipiga zinarudi kwa nani?

Dunia yenyewe imechelewa. Umoja wa Mataifa ulipata mfumo wa pamoja wa kusimamia risasi na baruti katika maisha yake yote mwaka 2023 tu. Lakini Mkataba wa Kinshasa, uliopitishwa katika mji mkuu wetu wenyewe, unataja risasi kwenye jina lake. Basi hatuna cha kusingizia.

Mapendekezo yangu ni haya, na mengine mmekwisha kuyasikia. Kwanza, fomu ya kupokea silaha iwe na safu ya risasi: idadi, alama za kitako, hali yake. Pili, mtu anayeleta risasi peke yake aandikwe na ashukuriwe kama aliyeleta bunduki, bila kuulizwa bunduki iko wapi. Ukimwuliza, wa pili haji. Tatu, kila bunduki ijaribiwe kabla ya kuhesabiwa: inafunga, inafyatua, chajeri inapandisha? Fundi mmoja na nusu saa vinatosha. Ripoti iseme zilizokuja ni ngapi na zinazofanya kazi ni ngapi, hata kama namba ya pili itatuaibisha mbele ya wafadhili. Nne, bunduki mbovu isikataliwe, ila isihesabiwe sawa na nzima. Tano, maafisa wa ghala, wa upande wowote, waandike risasi zinazotoka na zinazorudi. Hili nimelisema kwa upole hapo juu, nalisema tena kwa upole. Sita, mashine za kutia alama kwenye silaha ambazo nchi za RECSA, kituo cha kanda cha udhibiti wa silaha ndogo, zimepewa zifike hadi huku kando ya ziwa, zisiishie kwenye miji mikubwa. Saba, risasi mbovu zisikae kwenye nyumba ya chefu wala chini ya meza ya karani. Tangu MONUSCO, kikosi cha Umoja wa Mataifa, iondoke Kivu Kusini mwezi Juni 2024, mlango tuliokuwa tukiugonga kwa kazi hiyo umefungwa, basi jeshi litutajie mtu mmoja na namba yake ya simu. Nane, wahunzi wa pupu waitwe kwenye lubunga, baraza la wazee, wazungumze na wazee kabla polisi hawajawaita. Tisa, pale panapotolewa msaada, uwe wa kijiji, kama P-DDRCS inavyokusudia, si wa mwenye chuma. Kumi ni la kwanza tena: safu ya risasi.

Mwaka jana niliambiwa fomu haibadiliki bila idhini kutoka juu, na idhini inasubiri fomu mpya. Kwa hiyo nimechukua fomu ileile, nikachora safu kwa rula pale penye saizi ya viatu. Nakala thelathini ziko kwa katibu, karibu na mlango. Kalamu mje na zenu.