Mchora Majumba Aliyepata Kutawala Unguja

(Maneno yaliyosemwa mbele ya wanachama waliokutana Kisii)



Kisii hakuna reli. Reli ilifika Kisumu mwaka 1901, na mtu wa huku atakaye kazi hiyo hana budi kuifuata kule au Nairobi. Hata hivyo leo tumejaa humu ndani, kwa kuwa ni wakati wa likizo na kila mtu amerudi kuangalia mahindi na ndizi zake.

Mkutano uliopita mliweka swali mezani. Mwenzetu mmoja, fundi wa mawe, ataka kuomba kura za bunge la kaunti, naye aomba chama kimshike mkono. Wengine walisema, ajuaye kujenga nyumba atajua kuijenga nchi. Wengine walicheka. Tukaombwa sisi tulio kamatini tutafute habari za mtu wa kazi ya majenzi aliyepata kutawala. Tumempata, tena hakukaa mbali, alikaa Unguja.

Jina lake John Houston Sinclair, Mwingereza, aliyezaliwa mwaka 1871. Kazi aliyojifunza ni kuchora majumba. Unguja wakati ule ilikuwa chini ya Waingereza tangu 1890, na tarehe 27 Agosti 1896 manowari zao zililipiga jumba la Sultani kwa mizinga. Vita havikutimia hata saa moja. Serikali iliyoingia kwa namna hiyo ilitaka majumba ya kuonyesha kwamba imekuja kukaa, na Sinclair ndiye aliyeyachora. Mwaka 1903 ilijengwa nyumba ya mkubwa wa Waingereza, ambayo baadaye ikawa Ikulu. Kisha ikaja Mahakama Kuu kule Vuga, iliyomalizika mwaka 1908.

Walioyaona majumba yake husema ni mazuri, nasi hatubishi. Matao na kuba zake, hata hivyo, hazikutoka katika nyumba za wenyeji. Mafundi wa Unguja walikuwa na jadi yao, mawe ya matumbawe na chokaa, boriti za mikoko, na milango ya nakshi inayojulikana dunia nzima. Yeye alichanganya mitindo ya nchi nyingine za Kiislamu, akawatengenezea watu Uarabuni ya kwenye karatasi. Hayo ni maoni yetu, na mwenye mengine atasimama ayaseme.

Basi mtu huyu hakubaki na rula na penseli. Alipanda cheo baada ya cheo, na mwaka 1922 akawa Rezidenti, yaani mkubwa wa Waingereza wote Unguja na Pemba. Sultani Khalifa bin Harub alikuwa kitini tangu 1911, lakini lililo kubwa halikupita bila shauri la Rezidenti. Hakukaa sana katika cheo hicho. Baada yake alikuja Claud Hollis. Ile nyumba aliyoichora mwenyewe ndiyo aliyoingia kukaa. Ni wajenzi wangapi humu waliowahi kulala katika nyumba waliyoijenga kwa kazi? (Kicheko.)

Ndugu, angalieni hapa. Ni nani aliyempigia kura Sinclair? Hakuna. Hata Baraza la Kutunga Sheria halikuwako Unguja mpaka mwaka 1926, naye alikwisha kuondoka. Alipewa cheo na wakubwa wake wa London, na kwao ndiko alikojibu. Yuko mwingine wa kazi ile ile, Alfred Bossom. Huyu alikwenda Marekani mwaka 1903 akachora majumba marefu. Mwaka 1922, mwaka ule ule Sinclair alipopata cheo, jengo lake la Magnolia lilimalizika mjini Dallas, orofa 29. Akarudi kwao, na kutoka 1931 hata 1959 alikuwa mbunge wa Maidstone. Alikuwa tajiri, wa chama cha Konsavativu, si mtu wetu sisi watu wa mataruma. Lakini kila uchaguzi ulipokuja alirudi kwa wale wale kuomba, na wao walikuwa na ruhusa ya kumkataa.

Jengo la Sinclair linalotugusa sisi wa Kisii ni Beit el Amani, makumbusho ya amani baada ya Vita Kuu ya Kwanza, lililofunguliwa mwaka 1925. Lina pembe sita na kuba juu, na wenyeji waliliita nyumba ya mizuka. Vita vile vilipigwa hapa mjini petu. Wajerumani walikuja kutoka kusini, na tarehe 12 Septemba 1914 Waingereza wakapigana nao papa hapa. Siku nane baadaye, bandarini Unguja, manowari ya Kijerumani Königsberg iliipiga Pegasus ya Waingereza ikazama. Huku kwetu wazee waliona serikali imekimbia, wakaingia ofisini na katika misheni ya Nyabururu wakachukua mali. Serikali iliporudi iliwaadhibu vikali, na ng'ombe wakatwaliwa. Kisha vijana wakachukuliwa kuwa wapagazi wa vita, wale wa Kariakor, na makumi ya maelfu ya wapagazi hawakurudi kwao, wengi kwa maradhi na njaa kuliko risasi.

Amani ile iliyojengewa kuba, wazee wetu waliinunua kwa migongo yao, wala hakuna aliyewauliza ijengwe wapi wala kwa sura gani.

Na sisi twaijua habari hiyo kwa udogo wake. Wengi humu tumekaa katika nyumba za kazi ambazo jiko lake halina dirisha, na choo kiko mbali hata mgonjwa hafiki usiku. Aliyezichora huenda alikuwa hodari sana wa hesabu. Hakupata kuingia jikoni kumwuliza mama apikaye.

Kwa hiyo kamati haikuona kwamba ufundi wa mwenzetu wamzuia, wala haikuona kwamba wamtosha. Tunataka kujua atajibu kwa nani. Je, akishapata kiti, atarudi katika mkutano huu kila miezi mitatu, asimame tumwulize habari za maji, za soko na za fedha? Na tukimwambia amekosea, atakaa au atatoka?

Mwenzetu yuko hapa, ameketi karibu na mlango. Ndugu Mwenyekiti, twaomba aitwe mbele ajibu mwenyewe.